Sahani inarudi imejaa

Watu huniita Mama Lishe, na kila mwezi hakosi mtu mmoja wa kuniagiza wali na maharage. Nirudie tena: sina kibanda stendi. Nilikuwa muuguzi, baadaye afisa lishe, miaka zaidi ya thelathini, mingine milimani na mingine hapa ziwani. Sasa nimestaafu, niko zangu Mwanga, Kigoma, na kazi iliyobaki ni kusoma barua zenu. Za mwezi huu zina kilio kimoja. Ni Oktoba, mabati yanalia mchana kutwa, na watu hawali.

"Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa Manyovu, nimeolewa Ujiji mwezi wa tatu mwaka huu. Kwetu mwanaume akitoka shamba anamaliza ugali na maharage halafu anauliza kama kuna ukoko. Hapa mume wangu mchana anakula matonge matatu, ananawa. Mama mkwe anaitazama sahani inavyorudi imejaa, halafu ananitazama mimi. Sasa na mimi mwenyewe chakula kinanishinda, nimepungua hadi nguo za send-ofu zinanizunguka. Jirani ananiambia kuna mkono wa mtu. Nifanyeje?" (Bi harusi, Ujiji)

Marahaba mwanangu. Huyo jirani mshukuru kwa kukujali, kisha mwambie huo mkono ni wa jua.

Nikupe yangu kwanza. Mimi nimezaliwa hukohuko Ujiji. Mwaka 1991 nikapangiwa zahanati moja ya milimani kwenu, wakati huo Buhigwe bado iko ndani ya Kasulu. Nilifika mwembamba kama ufito. Asubuhi za Juni kulikuwa na ukungu hadi mlangoni, na mawese yalikuwa yameganda kwenye chupa. Ukitaka kupika unaiegemeza chupa karibu na jiko, unasubiri yalegee, unayagonga kwa kiganja ndiyo yatoke, tena kwa mabonge. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nakula ugali asubuhi. Ugali, asubuhi, na maharage ya jana! Mama yangu alipokuja kunitembelea alidhani nimeolewa kwa siri.

Mwaka 1997 nikahamishiwa huku chini. Mawese yaleyale, ndani ya chupa ileile, yakawa yanamiminika kama maji ya kunawa, na mimi nikaacha kula. Wiki mbili nzima natazama chakula kama kinanidai. Nilipima malaria mara mbili na mimba mara moja, sikukutwa na kitu. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hupungua joto karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo, mwanangu, ulipoteremka na mabegi yako ya harusi ulihama hali ya hewa, na tumbo nalo lina ugeni wake.

Sababu yenyewe ni hii. Chakula ni kuni. Kukisaga, kukifyonza na kukipeleka kinakotakiwa ni kazi, na kazi yoyote ya mwili hutoa joto. Katika mlo wa kawaida wa mchanganyiko, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyomo hutoka kama joto hata kama umekaa tu kwenye mkeka. Watu husema mafuta ndiyo yanayotia joto. Si hivyo. Vyenye moto ni nyama, samaki na maharage: protini hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake yenyewe katika kushughulikiwa, wanga kama ugali 5 hadi 10, mafuta hayazidi 3. Mafuta kosa lake ni jingine, huchelewa kutoka tumboni, ndiyo maana ukila sombe, yaani kisamvu, iliyojaa mawese saa saba mchana unabaki umeinamia meza.

Sasa tupige hesabu ya sahani ya mumeo. Tuseme umempakulia mlo mzito wa kalori 1,000. Hapo kuna kalori kama 100 za joto ambazo lazima zitoke. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kalori 580 hivi. Maana yake ni kwamba sahani yako inamdai mume jasho la mililita 170, karibu glasi ndogo, juu ya lile ambalo jua limeshamtoza tangu asubuhi. Na nimesema likikauka. Jasho linalodondoka halipozi mtu. Mchana wa Ujiji hewa imebeba unyevu wa ziwa, shati limegandana na mgongo, jasho linadondoka tu. Mwili unajua hesabu hii bila kalamu, unakataa tonge la nne.

Kuna na habari ya damu. Ukiwa kwenye joto mwili huisukuma damu kwenye ngozi ili ikapoe, na tumbo linapunguziwa mgao. Tumbo lenye damu kidogo ni kama mgahawa uliobakiwa na mpishi mmoja: oda hazikataliwi, zinachelewa, na wateja wanaanza kukunja uso.

Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Marekani, John Brobeck, aliandika wazo ambalo bibi yeyote wa Ujiji angempa bure: kwamba wanyama hula ili wapate joto na huacha kula ili joto lisiwazidi. Baada yake yameongezwa mambo mengi, homoni, sukari ya damu, mazoea, harufu. Lakini kiini kimebaki. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, haipothalamasi, ndiyo hiyohiyo inayoshughulika na njaa. Ni wapangaji wa nyumba moja, ukuta wao ni mwembamba.

Upande wako wewe nadhani kuna jambo ambalo hukuliandika kwa sababu hukuliona. Unapikia wapi? Nyumba nyingi za huko ninazozijua jiko la mkaa liko kwenye kijichumba cha bati nyuma ya nyumba. Ukiwasha saa tano, ukachemsha maharage, ukasonga ugali, ukakaanga samaki, hadi chakula kinafika mezani umekaa na moto saa mbili na umeonja mchuzi mara sita. Mpishi wa namna hiyo hana njaa, ana kiu. Anakaa na wenzake anamega mega, anaondoka na vyombo. Nimewaona wengi, na ndio haohao mawifi wanaowaita wanaringa.

Basi fanya hivi. Maharage yachemshe alfajiri, kabla jua halijachukua zamu. Jiko lisogeze nje, chini ya mti kama mnao. Mchana usisonge ugali mkubwa: ndizi mbivu, parachichi la kwenu, mtindi, dagaa wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, na ugali wa muhogo wa kukaa kwenye kiganja kwa atakayetaka. Weka maji mezani kabla ya chakula, maana mtu mwenye kiu hali. Mate yenyewe hana. Mlo mkubwa uhamishie usiku, baada ya Magharibi au hata Isha, bati likiwa limepoa. Mama mkwe akiuliza, mkumbushe kwa adabu kwamba mwezi wa Ramadhani nyumba nzima inakula usiku na hakuna anayesema amerogwa.

Mwili wako huzoea joto kwa wiki moja au mbili, jasho linaanza mapema na chumvi yake inapungua. Ila wewe una miezi saba huko. Joto hupunguza hamu. Kukupunguza hadi nguo zikuzunguke ni habari nyingine. Nenda kituo cha afya ukapime malaria, na kama una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili usikifiche. Na kipimo cha mimba pia. Umeolewa mwezi wa tatu, sasa ni wa kumi, usinilazimishe kuhesabu kwa vidole.

"Mama shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa, tunatokea Kibirizi. Usiku tukiwa ziwani, kama saa nane, njaa inanishika hadi mikono inatetemeka, nakula kiporo cha watu wawili peke yangu. Asubuhi nikirudi nalala, mchana nikiamka siwezi kula hata nikipewa samaki mtamu kama kuhe. Mke wangu ananuna, anasema nimeshakula kwingine. Wenzangu wananiambia nipige gongo kidogo usiku, itakata njaa na baridi." (Mvuvi wa giza)

Marahaba baba. Nianze na gongo: usiiguse ziwani. Inakufanya uone joto kwa sababu inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, upepo unaichukua. Unahisi umepata koti kumbe umevua. Na mlevi akitumbukia usiku kuna taa moja tu ya kumtafutia, tena inatazama dagaa.

Kuhusu njaa yako. Watu wa bara wakisikia Kigoma kuna baridi wanacheka, na ni kweli maji ya juu ya Tanganyika ni ya vuguvugu, nyuzi 25 hivi. Lakini wewe una 37. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na wewe unavuta wavu uliolowa, shati limelowa, halafu kusi linavuma juu ya shati hilo. Hiyo ni baridi ya kweli hata kama kipimajoto kingekubishia.

Baridi ya maji ina tabia ya kuamsha njaa kupita kazi iliyofanyika. Mwaka 2005 watafiti wa Florida, Marekani, waliwapandisha wanaume 11 kwenye baiskeli za mazoezi zilizozamishwa ndani ya maji, siku moja maji ya nyuzi 20, siku nyingine ya nyuzi 33. Nguvu waliyotumia ilikuwa karibu sawa siku zote mbili. Kisha wakaachiwa chakula wale watakavyo. Siku ya maji baridi walikula zaidi kwa asilimia 44. Kwa hiyo kile kiporo cha watu wawili, sehemu yake unalipia kuvuta wavu, na sehemu yake unalipia shati lililolowa.

Shati basi. Beba jingine kavu kwenye ndoo yenye mfuniko, na koti la mvua hata kama hakuna mvua, kazi yake ni kuzuia upepo. Kula vizuri saa kumi na mbili jioni kabla hamjasukuma mtumbwi. Chupa ya chai ya tangawizi ipande nanyi. Ukila saa nane usiku hakuna ubaya, ndiyo zamu yako ya kazi, ila kula cha mtu mmoja.

Mchana unashindwa kwa sababu mbili zilizokutana: umeshakula usiku, na umelala chini ya bati saa sita mchana ukiamka umelowa jasho. Kunywa maji, oga, subiri saa kumi jioni ndiyo muombe hicho chakula. Mkeo mpe gazeti asome mwenyewe. Kama siku za mbalamwezi ambazo hamwendi ziwani bado huli nyumbani, hapo sitakutetea.

"Dada, nina mtoto wa miezi minne. Joto limezidi, ananyonya kidogo kidogo kila mara halafu anaacha. Mama mkwe anataka nimpe maji ya kijiko, anasema ninamuua kwa kiu." (Mama wa kwanza, Gungu)

Usimpe. Maziwa yako ni maji kwa karibu asilimia 88, na hadi miezi sita ndicho chakula chake na ndicho kinywaji chake, hata Oktoba, hata Kigoma. Maji hujaza kitumbo kisicho na nafasi, tena huja na vijidudu vyake. Hicho kunyonya kidogo kidogo mara nyingi ndiyo akili ya mtoto: yale maziwa ya mwanzo ni mepesi, yanakata kiu. Mpe kila akitaka, umvue zile kofia na soksi, na wewe mwenyewe unywe maji. Mkojo wake ukiwa mchache na wa njano iliyokolea, au akilegea, au akiwa wa moto, usikae kubishana na mama mkwe. Mpelekeni kituoni, nyote wawili.

"Shikamoo Mama. Baba yangu ana miaka 74, anaishi Ng'ambo, Tabora. Ana kisukari, anameza vidonge asubuhi. Tangu joto lianze hataki kula, anasema hana njaa wala kiu, mchana kutwa anakunywa chai ya moto isiyo na sukari. Mara mbili sasa ameamka kitandani jasho jekejeke anaongea mambo hayaeleweki. Dada yangu anasema ni joto la Tabora. Je, tumkataze chai?" (Binti yake, niko Dar)

Barua hii niliijibu kwa simu siku niliyoipata, lakini naiandika hapa kwa sababu najua kuna nyumba nyingine yenye mzee kama huyu.

Chai muacheni. Kinachonitisha ni vidonge. Vipo vidonge vya kisukari, glibenklamidi ni mojawapo, ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini, mzee awe amekula au hajala. Mwenye kukimeza asubuhi halafu akashinda na chai tupu, sukari yake inaweza kushuka mpaka chini. Jasho jekejeke, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka: hizo ni dalili za sukari kushuka, na ukizisingizia joto unaweza kumpoteza mtu usiku mmoja. Likitokea tena na anaweza kumeza, apewe hapohapo maji yenye vijiko vinne vya sukari, au soda ya kawaida, kisha chakula, kisha hospitali. Akiwa hajitambui msimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni. Na vidonge msiviache kwa uamuzi wenu. Arudi kliniki, amwambie daktari wazi kwamba hali. Dozi iliyopangwa mwezi wa saba, mzee akiwa anakula viazi na karanga za mavuno, huenda haimfai Oktoba.

Hiyo kauli ya kwamba hana kiu msiiamini. Kengele ya kiu huzeeka kama masikio yanavyozeeka. Kijana akipungukiwa maji anahangaika, mzee anakaa kimya, na kukaa bila maji kwenyewe kunazidi kumuua hamu ya kula, basi anazunguka palepale. Mwekeeni glasi kwa saa. Nilikuwa na mgonjwa mmoja mkaidi sana ambaye alikubali tu tulipomwambia ni dawa. Tulimpa maji ya mtungini kwenye kikombe cha dawa kikubwa, akawa anakunja uso akimeza.

Chakula chake kiwe kidogo na mara nyingi, wakati wa ubaridi: alfajiri na usiku. Wazee wengi wa Tabora wanakubali michembe iliyochemshwa na karanga kuliko sahani ya ugali, lakini viazi vikavu vina wanga mwingi, kwa hiyo wakati wa kupanga dozi mtajieni daktari na michembe.

Sasa ile chai, maana najua wengi mnaisubiri. Inapoza kweli? Mwaka 2012 watafiti wa Ottawa, Kanada, waliwapa watu vinywaji vya moto na vya baridi huku wakifanya mazoezi, wakakuta kwamba kinywaji cha moto humtoa mtu jasho la ziada, na jasho hilo likiweza kukauka lote, joto linalobaki mwilini linakuwa pungufu kidogo. Likiweza kukauka. Tabora mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Mzee yuko kivulini na kanzu nyepesi, chai yake ina hoja. Hapa kwetu ufukweni chai ileile inakuongezea kulowa tu. Pilipili nayo ni ya ukoo huo. Kiungo chake kikali huwasha kipokezi kilekile kinachotambua moto, ulimi unadhani umeungua, uso unatoa jasho. Ugunduzi wa kipokezi hicho ni sehemu ya uliomletea David Julius wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wavuvi wetu wanaomimina pilipili kwenye mchuzi wa migebuka hawajapewa kitu.

"Mama Lishe, mimi ni kijana wa Mwandiga, nasoma Njombe. Nimekuja huku na kilo 58, miezi minane sasa nina 66. Wenzangu wanasema baridi inanenepesha. Lakini mwalimu alituambia baridi inaunguza mafuta. Nani mkweli?" (Mwanafunzi)

Wote wawili, na wote wawili wamekuacha nusu njia.

Baridi inaunguza pale inapokufikia. Ukitetemeka, misuli inaweza kuzalisha joto hadi mara tano ya ukiwa umekaa. Yapo pia mafuta ya rangi ya kahawia, watoto wachanga wanayo mengi, kazi yake ni kuungua ili kutoa joto bila kutetemeka. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba hata watu wazima tunabaki nayo kidogo shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga. Lakini wewe huko Njombe una sweta, una koti juu ya sweta, una blanketi mbili na mwenzako wa bweni anayepumua. Baridi hiyo ngozi yako inaionjea usoni tu. Njaa ndiyo imefika, kazi ya kuunguza haikufika.

Wanajeshi wa Marekani na Kanada walifuatiliwa ulaji wao nyakati za Vita Kuu ya Pili. Watafiti R. E. Johnson na R. M. Kark wakaandika mwaka 1947 kwamba jangwani mwanajeshi mmoja alikuwa akila kwa hiari yake kalori kama 3,100 kwa siku, na kule kwenye barafu ya kaskazini kama 4,900. Ila wale wa barafu walikuwa wamevaa nguo nzito, wanatembea kwenye theluji na mizigo, na hayo nayo yanakula nguvu. Wewe unatembea kutoka bwenini hadi darasani, halafu unapitia chipsi.

Na jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia kwa sababu kwao mpangilio ni mwingine. Kwetu miezi ya baridi, Juni na Julai, ndiyo miezi ya mavuno. Mahindi yameingia, maharage yapo, bei imeshuka, mama anapakua bila kuhesabu. Miezi ya joto, Oktoba hadi mwisho wa mwaka, ghala linakauka na mbegu inaenda shambani. Kwa hiyo mtu wa Kasulu akikuambia "mimi wakati wa baridi nakula sana," muulize kwanza nini kilikuwamo kwenye chungu. Nimefanya kazi milimani, nimepima watoto kwa mizani ya kuning'iniza mwezi hadi mwezi, na mara nyingi lile tulilokuwa tunaliita hamu ya kula lilikuwa debe la mahindi.

Kilo nane kwa kijana wa 58 si msiba, huenda ulikuwa umepungua. Zikija nane nyingine, punguza chipsi, sweta libaki.

"Mama, nina kuku 40 wa mayai hapa Kasulu. Wiki mbili hizi wanaacha chakula, wanahema midomo wazi, na mayai ganda lake linabonyea. Nimeambiwa niwape dawa. Najua wewe ni wa watu ila nimekosa wa kumuuliza." (Mfugaji)

Kuku ni rahisi kuliko waume. Hana jasho kabisa, anajipoza kwa kuhema, na akiona chakula kinamzidishia joto anakiacha. Kuhema sana kunamtoa hewa ya ukaa kupita kiasi, damu inabadilika, ganda linakosa malighafi yake. Tena chokaa yenyewe ilikuwa kwenye chakula alichokiacha. Wape chakula saa kumi na moja alfajiri na jioni jua likizama, mchana kiondoe. Maji yabadilishe mara tatu, chungu cha udongo kiwe kivulini. Ezeka nyasi juu ya bati la banda. Kama wanakufa, au kinyesi kimebadilika rangi, hapo muone mtaalamu wa mifugo, mimi nitakuwa nakudanganya.

"Na wewe mwenyewe Mama unakula nini mchana?" (Mdadisi, Bangwe)

Leo nimekula embe bichi. Limekatwa vipande, pilipili ya unga na chumvi ya Uvinza, nimekaa barazani miguu kwenye beseni la maji. Sombe iko jikoni imefunikwa, na mjukuu ameshapita mara mbili kuinua mfuniko. Nimemwambia saa mbili usiku.